Asilimia 60 ya LEED: mapitio ya mtu wa manunuzi

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Naanza na alama kwa sababu wengi wanaoitafuta hesabu hii ya ununuzi endelevu wameshaambiwa na bosi kwamba jengo linataka cheti cha kijani, leja iko mezani, na muda wa kusoma hadithi ndefu hawana. Hiyo nusu ni ya upendeleo. Kuna siku ningetoa mbili.

Ninachokipitia hapa ni hesabu ya ununuzi endelevu katika LEED, mfumo wa Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, upande wa majengo ambayo tayari yanatumika. Hasa ile sehemu ya bidhaa zinazoisha: karatasi, tona (wino wa unga wa printa), betri, mafaili, bahasha na vikorokoro vya mezani. Nimeifanya kwa toleo la 2009, ambalo lilifunga usajili wa miradi mipya mwaka 2016, nikaifanya tena kwa toleo la 4 lililozinduliwa mwaka 2013, na katikati hapo nikaonyeshwa huduma moja ya kulipia ya mtandaoni inayodai itakufanyia kila kitu. Mimi si mhandisi wala mtaalamu wa mazingira. Kazi yangu ni LPO (hati za kuagizia bidhaa), ankara, hati za kupokelea mzigo na mabishano ya mwisho wa mwezi na wahasibu. Nisome kwa jicho hilo.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Unachukua fedha zote zilizotumika kununua bidhaa hizo katika kipindi mlichojiwekea. Hiyo ndiyo asili, namba ya chini ya sehemu. Unachukua fedha zilizokwenda kwenye bidhaa zinazokidhi vigezo. Hicho ndicho kiasi, namba ya juu. Unagawa kiasi kwa asili. Ukifika asilimia 60, umepata pointi. Kipindi chenyewe, kwa jengo lililoomba cheti mara ya kwanza chini ya toleo la 2009, hakikupungua miezi mitatu wala kuzidi miezi 24, na kilichonunuliwa nje ya hapo hakikuhesabika hata kingekuwa cha kijani kuliko jani la mgomba.

Nilisema pointi. Ni moja. Katika mfumo wenye pointi 100 za msingi na 10 za ziada, ambapo cheti cha chini kabisa kinaanzia 40 na dhahabu 60, kazi yote nitakayoieleza hapa inaleta pointi moja. Chini ya toleo la 2009 samani zilikuwa na pointi yake kwa sharti la asilimia 40, vifaa vya umeme vilikuwa na yake kwa asilimia 40 vilevile, vifaa vya ukarabati asilimia 50, chakula asilimia 25. Mtu wa uhandisi akibadilisha mfumo wa viyoyozi anarudi na pointi kwa mkupuo, na mkutanoni anapigiwa makofi. Wewe unarudi na moja na boksi la ankara. Ukikubali kazi hii, kubali ukijua hivyo, kisha fahamu pia kwamba kukwepa kabisa hakuwezekani, kwa sababu sera ya ununuzi endelevu ni sharti la lazima. Bila sera hiyo kuandikwa, jengo haliingii hata mlangoni. Sasa kama sera imeshaandikwa na inataja bidhaa hizi hizi, hesabu unaifanya tu.

Vigezo ndivyo vinavyotenganisha matoleo mawili, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopotezana. Toleo la 2009 liliikubali bidhaa yenye angalau asilimia 10 ya malighafi iliyorejelezwa baada ya kutumiwa na mlaji, au asilimia 20 ya mabaki ya kiwandani. Liliikubali iliyotengenezwa kwa asilimia 50 au zaidi ya mimea na nyuzi zinazokua upesi, yaani zinazovunwa ndani ya miaka kumi, kama mianzi, pamba na sufu. Liliikubali ambayo nusu ya malighafi yake imevunwa na kusindikwa ndani ya maili 500, takriban kilomita 805. Karatasi yenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, iliingia. Betri za kuchajiwa ziliingia.

Mpaka hapo hakuna shida. Utamu, au uchungu, ni kwamba katika toleo hilo bidhaa ilihesabiwa kwa kila kigezo ilichokidhi. Mfano ulioandikwa kwenye kanuni zenyewe ni wa ununuzi wa dola 100 wenye asilimia 10 ya malighafi iliyorejelezwa na asilimia 50 ya malighafi ya karibu: unaandikwa kama dola 200. Toleo la 4 likaifuta tabia hiyo. Linataka bidhaa ikidhi angalau kigezo kimoja, na ikikidhi viwili haikupi nyongeza.

Ngoja niweke namba muone tofauti. Tuseme ofisi imetumia dola 10,000: karatasi 3,000, tona 4,500, mafaili ya mezani na ya kabatini 700, vifaa vidogo vya mezani 800, betri 400, bahasha na madaftari 600. Nimezipanga namba ziwe rahisi kufuata, lakini uwiano huu hauko mbali na ninaoukuta kwenye leja: tona inameza karibu nusu ya fedha wakati inachukua rafu moja ya stoo, na karatasi inajaza chumba kizima huku fedha yake ni theluthi.

Kwa toleo la 2009, nunua karatasi yenye cheti cha FSC ambayo pia ina asilimia 30 ya nyuzi zilizorejelezwa. Vigezo viwili, kwa hiyo 3,000 inageuka 6,000. Asilimia 60 kamili. Umemaliza! Tona, betri, mafaili, vyote ungenunua vyovyote vile na pointi ungeipata. Nakumbuka nilivyoiangalia seli ile ya mwisho nikajiuliza kama fomula imeharibika. Haikuharibika.

Kwa toleo la 4, karatasi hiyo hiyo inakupa asilimia 30, basi. Ongeza bahasha, betri, mafaili na vifaa vya mezani, vyote viwe vya kukidhi bila kukosea hata kimoja: 3,000 na 600 na 400 na 700 na 800, jumla 5,500. Asilimia 55. Umejitahidi kwa kila kitu isipokuwa tona, na umeshindwa. Katika mchanganyiko wa aina hii hakuna njia ya kufika 60 bila kugusa tona.

Kwa hiyo ukiniuliza hesabu hii inapima nini hasa, toleo la 2009 lilikuwa linapima kama umechagua karatasi vizuri, na toleo la 4 linapima kama umethubutu kubadilisha tona. Namsifu aliyelibana. Lile la kwanza lilikuwa linatoa alama kwa urahisi mno kwa ofisi ambayo haijabadilisha lolote zaidi ya chapa ya karatasi.

Na tona ni vita. Kigezo cha toleo la 4 ni katriji iliyotengenezwa upya: imefunguliwa, imesafishwa, sehemu zilizochakaa zimebadilishwa, ikajazwa na kujaribiwa. Ile ya kutobolewa tundu na kumiminiwa unga kwenye kaunta ni kitu kingine, na ndiyo iliyoiharibia jina hii ya kwanza. Kila ofisi ina mtu mmoja ambaye printa yake iliwahi kumwaga unga mweusi ndani kwa sababu ya katriji ya ovyo, na huyo mtu huwa hasahau na huwa ana cheo. Ukitaka kupita hapo, usianze na printa ya bosi. Anza na zile za korido zinazochapa kurasa nyingi, kwa sababu fedha iko huko, weka mkataba wenye kifungu cha kurudisha katriji mbovu, na andika kwenye LPO maneno kamili ya unachotaka. Ukiandika "tona ya printa fulani" tu utaletewa mpya, kwa sababu kwa muuzaji mpya ndiyo jibu salama.

Jambo linalonikera kuliko yote ni ushahidi. Jedwali litakubali chochote utakachoandika kwenye safu ya "inakidhi". Weka ndiyo, fomula inajumlisha. Lakini mhakiki hatafuti ndiyo yako, anatafuta karatasi iliyo nyuma yake. Mzabuni mmoja, jina lake libaki kwenye faili, aliniletea barua yenye nembo nzuri na sahihi ya meneja ikisema bidhaa zake zote ni rafiki wa mazingira na zimezalishwa kwa kuzingatia maadili. Hakukuwa na asilimia hata moja. Hakukuwa na jina la bidhaa. Nikamrudishia nikiomba aseme, kwa kila bidhaa, malighafi iliyorejelezwa ni asilimia ngapi, na kati ya hiyo ngapi imetoka kwa walaji na ngapi ni mabaki ya kiwandani. Akaleta barua ileile, safari hii ina muhuri.

Kutenganisha hayo mawili si usumbufu wa bure. Mabaki ya kiwandani ni vipande ambavyo kiwanda kingeweza kuvitumia hata pasingekuwa na mtu wa kuvirejeleza baada ya matumizi. Karatasi iliyokusanywa kutoka kwenye kapu la ofisi ni jambo gumu zaidi. Ndiyo maana toleo la 2009 lilidai asilimia 20 kwa ya kwanza na 10 kwa ya pili. Upande wa majengo mapya mantiki hiyo hiyo inaandikwa kwa namna nyingine: mabaki ya kiwandani yanahesabiwa nusu tu. Mzabuni akikuandikia "asilimia 15 imerejelezwa" bila kusema ya aina gani, hujui kama imepita au imeanguka, na ukiweka ndiyo unabahatisha.

FSC, kwa upande wa ushahidi, naipa nyota tano. Baraza hilo la misitu lipo tangu 1993 na mfumo wake wa kufuatilia mbao kutoka msituni hadi dukani umekomaa. Kila aliye kwenye mnyororo ana namba ya cheti, na anayeuza bidhaa kama ya FSC anatakiwa aandike namba hiyo na aina ya dai kwenye hati ya mauzo. Angalia ankara. Lebo iliyochapwa kwenye pakiti ya karatasi ni ya mtengenezaji au aliyeifungasha. Haikuambii kitu kuhusu aliyekuuzia. Namba ya lebo huanza na FSC-C ikifuatiwa na tarakimu sita, na ya mnyororo ina herufi za aliyekagua, kisha COC, kisha tarakimu. Zote unaweza kuzitafuta kwenye hifadhidata yao ya wazi, na dakika mbili zinatosha kuona kama cheti bado kiko hai au kimesimamishwa. Nimewahi kukuta namba iliyochapwa vizuri kabisa kwenye ankara ambayo cheti chake kilikuwa kimekwisha muda. Muuzaji alidai hakujua. Inawezekana.

Kwa samani zingatia aina ya dai. "FSC 100%" inaeleweka. "FSC Mix" ikiambatana na asilimia, mathalani 70, inahesabiwa kwa asilimia hiyo ya bei, si bei nzima. Watu huiandika nzima kwa kuwa nembo ni ileile ya mti wenye alama ya vema. Na tukiwa hapo kwenye samani, kuna kigezo kinachosahaulika na ambacho ndicho ninachokipenda zaidi: samani zilizookolewa, kwa sharti la toleo la 2009 kwamba asilimia 70 ya malighafi yake iwe ya kuokolewa, hata kama zimetoka ndani ya taasisi yenyewe kupitia mpango wa kutumia tena. Meza za ghorofa ya nne zilizoletwa kwa watu wapya wa ghorofa ya pili zinaweza kuingia kwenye hesabu. Stoo nyingi zina hazina hiyo imefunikwa turubai.

Turudi kwenye asili, yaani jumla ya fedha zote, maana hapo ndipo hesabu inapodanganya bila mtu kukusudia. Kiasi kila mtu anakilinda, kwa sababu ndicho kinacholeta pointi. Asili haina mlinzi. Betri zilizonunuliwa kwa masurufu na fundi aliyekuwa na haraka, kalamu zilizonunuliwa na katibu muhtasi asubuhi ya kikao, bahasha zilizolipiwa na idara nyingine kwa kifungu kingine cha bajeti: vyote hivyo ni bidhaa zinazoisha, vyote viko ndani ya jengo, na mara nyingi hakuna hata kimoja kinachofika kwenye jedwali. Asili inakuwa ndogo kuliko ukweli, asilimia inapanda, kila mtu anafurahi. Na kwa kuwa vya haraka haraka karibu siku zote ni vile visivyokidhi, ukivirudisha asilimia inashuka kwa mkupuo. Dawa yangu ni ya kizamani. Kila mwezi nachukua leja kuu kutoka uhasibu, sichukui ya stoo, nachuja vifungu vya vifaa vya ofisi, kisha nalinganisha mstari kwa mstari. Ya stoo inakuonyesha vilivyopita mlangoni kwake. Ya uhasibu inakuonyesha vilivyolipiwa.

Kuna pia mikataba ya printa. Taasisi nyingi siku hizi hazinunui tona. Zinalipa kwa kila ukurasa, na tona inakuja ndani ya bei hiyo pamoja na fundi na vipuri. Kwenye ankara kuna mstari mmoja tu, na tona ndani yake haionekani. Ukiacha mstari wote nje, umefuta bidhaa kubwa kuliko zote kutoka kwenye asili yako. Ukiuweka wote ndani, umehesabu mshahara wa fundi kama bidhaa. Mwombe mwenye mkataba aandike thamani ya tona peke yake, na uombe kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini hana sababu ya kujisumbua. Wapangaji ni hadithi nyingine: sera inahusu ununuzi ulio chini ya mamlaka ya uongozi wa jengo, kwa hiyo anachonunua mpangaji kwa fedha zake hakikuhusu, na usijitwike.

Wenzetu wa majengo mapya wana njia ya mkato ambayo naionea wivu. Wasipotaka kujumlisha bei ya kila kifaa cha ujenzi, wanaruhusiwa kuchukua asilimia 45 ya gharama ya ujenzi kama makadirio ya gharama ya vifaa, na hiyo ndiyo asili yao. Sisi wa majengo yanayotumika hatuna kitu kama hicho. Ni ankara mpaka ya mwisho.

Sasa ile huduma ya kulipia. Sitaitaja, kwa kuwa nilichokiona ni maonyesho na huenda wamerekebisha. Ahadi ni kwamba unaunganisha mfumo wako wa uhasibu, programu inasoma maelezo ya kila ununuzi, inaamua yenyewe kipi kinakidhi, na asubuhi unakuta asilimia yako kwenye skrini ikiwa na mchoro wa duara. Nikawapa orodha ya kweli ya mwezi mmoja. Ikasoma vizuri, kwa kasi, na mchoro ukapanda. Nikauliza kwa nini mafaili yamewekewa alama ya vema. Tukafungua mstari. Maelezo yalisema "faili gumu, kijani, A4". Rangi. Programu iliona neno kijani ikaamini. Yule kijana aliyekuwa akinionyesha alicheka kabla yangu, nikampenda kwa hilo, lakini sikusaini.

Kosa hilo linarekebishika kwa mchana mmoja. Kilichobaki ndicho kizito: maelezo ya ununuzi hayana habari inayotakiwa. Hakuna mahali kwenye leja palipoandikwa asilimia ya nyuzi zilizorejelezwa. Programu iwe na akili kiasi gani, haiwezi kusoma ambacho hakijaandikwa. Mtu akikuuzia huduma ya aina hii, mwulize inatunza wapi vielelezo, na kama inakukumbusha cheti cha mzabuni kinapokaribia kuisha. Hayo mawili ningelipia. Mchoro wa duara naweza kuuchora mwenyewe kwenye Excel, na jedwali langu lina safu chache tu: tarehe, namba ya ankara, mzabuni, bidhaa, bei, kigezo, jina la kielelezo, tarehe ya kielelezo. Safu mbili za mwisho ndizo zinazokula muda. Mstari usio na kielelezo unabaki kwenye asili na hauingii kwenye kiasi, hata kama najua moyoni kwamba bidhaa inakidhi.

Kwa taa nitasema kidogo, kwa kuwa zina hesabu yake na ni nzuri kuliko yetu. Zenyewe hazipimwi kwa fedha. Unachukua zebaki iliyomo, unagawa kwa mwanga ambao taa itatoa maisha yake yote, unapata pikogramu (sehemu moja ya trilioni ya gramu) kwa kila lumeni-saa, lumeni ikiwa ni kipimo cha mwanga. Mrija wenye miligramu 3.5 za zebaki, unaotoa lumeni 2,800 kwa saa 24,000, unakuja pikogramu 52 hivi. Kikomo cha toleo la 2009 kilikuwa 90, cha toleo la 4 ni 70, kwa hiyo umepita kotekote. Hesabu hiyo inaangalia kitu chenyewe na kazi kinayoifanya. Taa ya bei kubwa haipewi uzito zaidi ya taa ya bei ndogo.

Na hapo ndipo nilipoikatia hesabu yetu nyota moja nzima. Inaangalia uwiano wa fedha, haiangalii wingi. Rudi kwenye ofisi yetu ya dola 10,000, chini ya toleo la 4. Tuseme karatasi yote, bahasha zote na betri zote zinakidhi, na nusu ya tona ni ya kutengenezwa upya: 3,000, 600, 400 na 2,250. Jumla 6,250, asilimia 62.5, pointi imepatikana. Mwaka unaofuata uongozi unaamua kupunguza uchapishaji kwa nusu. Jambo jema, si ndiyo? Miti michache zaidi, unga mchache zaidi, umeme mchache zaidi. Karatasi inashuka hadi 1,500, tona hadi 2,250 huku nusu yake, 1,125, ikiwa bado ni ya kutengenezwa upya. Mengine yanabaki kama yalivyokuwa. Asili mpya ni 6,250. Kiasi kipya ni 1,500 na 600 na 400 na 1,125, jumla 3,625. Asilimia 58.

Ofisi imenunua pungufu kwa zaidi ya theluthi, na imeikosa pointi iliyokuwa nayo. Ile iliyoendelea kuchapa kila barua pepe imebaki nayo. Nimeipitisha hesabu hii kwa washauri wawili, mmoja akasema kupunguza matumizi kunapata alama kwingineko, kwenye taka. Sawa. Lakini mtu wa manunuzi anayepimwa kwa asilimia 60 hatapigania wazo la kupunguza karatasi, na sitamlaumu.

Kinachotuokoa ni kwamba pengo ni dogo. Ili kufika asilimia 60 ya 6,250 unahitaji 3,750, na una 3,625. Kinachokosekana ni dola 125 za tona zihamie kutoka mpya kwenda ya kutengenezwa upya. Ndiyo maana napiga hesabu mwisho wa kila mwezi na sisubiri kipindi kiishe: pengo la namna hiyo linazibwa na oda moja, ilimradi oda itoke na mzigo ulipiwe kabla ya tarehe ya kufunga. Siku moja baadaye, dola 125 hizo zinahesabika kwenye kipindi kinachofuata.